Sitopaladi: kuutengeneza unga wa kifua wa Ayurveda

Waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huita ugonjwa wa kukohoa na kukonda rajayakshma, mfalme wa maradhi. Charaka Samhita, kitabu chao cha kale, inautajia vyanzo vinne: kazi inayozidi nguvu, kuzuia haja za mwili, mwili kuishiwa, na kula ovyo. Njia za lishe huziba, chakula hakigeuki damu wala nyama, kinaishia kuwa makohozi. Ndiyo maana tiba yao huanzia tumboni: supu na maziwa ya mbuzi, samli, na viungo vya kuamsha njaa. Sitopaladi imetajwa humo humo.

Dalili nyingi za rajayakshma ni za kifua kikuu, na kifua kikuu kinaletwa na bakteria aliyetangazwa na Robert Koch mwaka 1882. Unga huu haumuui. Aliyekohoa wiki mbili, anayetoka jasho usiku au anayetema damu akapime makohozi kwanza, na akipewa dawa azimalize, kwa kawaida miezi 6. Sitopaladi ni ya kulainisha koo na kurudisha hamu ya chakula, basi.

Vipimo vya viungo vitano ni mafungu 16, 8, 4, 2, 1. Kwa chupa ndogo: sukari ya mawe gramu 80, tabashiri 40, pilipili ndefu 20, punje za iliki bila maganda 10, mdalasini 5.

Kazi ngumu ni kupata tabashiri ya kweli, yale mawe meupe yanayoganda ndani ya mianzi. Wauzaji wengi huchanganya wanga au chaki. Gusisha kipande kwenye ulimi: cha kweli hunata. Kisha chemsha unga wake kidogo kwenye maji. Ukigeuka uji, umeuziwa wanga. Ukidondoshea ndimu ukatoa povu, ni chaki.

Twanga kila kitu peke yake, kikiwa kikavu, na chekecha kwa kitambaa chepesi. Iliki ina mafuta na hushikana kwenye kinu. Itie kijiko cha sukari uliyokwisha pima. Mashine ikipata moto sukari hunata, kwa hiyo isage kwa vipindi vifupi. Changanya ukianzia na kidogo: mdalasini na iliki, halafu pilipili, tabashiri, mwisho sukari. Kila kinachoongezwa kinazidi kilichomo kwa gramu 5 tu, ndipo rangi inapokuwa moja. Ukimwaga vyote kwa pamoja, mdalasini hubaki mistari mistari, na kijiko kimoja kitakuwa kikali kuliko kingine.

Mtu mzima hutumia gramu 1 hadi 3 mara mbili kwa siku, kwa asali na samli. Vipimo vya viwili hivi visilingane uzito. Ayurveda huhesabu mchanganyiko sawa kuwa sumu. Asali isichemshwe, na mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Mwenye kisukari akumbuke kwamba zaidi ya nusu ya unga ni sukari.

Pilipili ndefu ina piperini, inayoweza kubadili kiwango cha dawa kwenye damu, rifampisini ya kifua kikuu ikiwamo. Aliye kwenye dozi ya kifua kikuu amuulize daktari wake kabla ya kulamba hata kijiko.

Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana. Unga ukishikana mabonge umeingiwa na unyevu, mwaga.