Gari Linatetemeka Likiwa Sailensi: Itafute Silinda Kabla ya Kutafuta Spea

Mama mmoja wa Kimara aliniletea Toyota IST yake. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia: "Mwanangu, nikisimama kwenye foleni pale Ubungo kioo cha pembeni kinatetemeka mpaka bodaboda wa nyuma simwoni." Alikuwa ameshabadilishiwa plagi zote nne. Akaambiwa ni mauntini (mipira inayoshikilia injini), akanunua. Akaambiwa nozo (zinazopulizia petroli kwenye injini) ni chafu, zikasafishwa. Pesa imetoka mara tatu na gari bado linatetemeka likiwa sailensi, yaani injini inazunguka bila kukanyaga mafuta. Iliniuma, maana katika mafundi wote waliolishika gari lile hakuna aliyejiuliza swali la kwanza kabisa: ni silinda ipi haichomi?

Mwongozo huu nimeuandika kwa kufuata injini ya 1NZ-FE iliyo kwenye IST nyingi za hapa Dar, lakini utaratibu wake unafaa kwa injini yoyote ya petroli ambayo kila plagi ina koili yake (kifaa kinachoipa umeme wa kutoa cheche).

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kufungua

Acha injini ipate moto, zima AC na taa. Mshale wa mizunguko utulie kati ya 650 na 750 hivi. Sasa kanyaga breki, weka N, halafu D. Likitulia kwenye N na kutetemeka kwenye D, anza kushuku mauntini. Likitetemeka kote kote, nenda nyuma ya gari ukinge kiganja mbele ya bomba la moshi, mbali kidogo usiungue.

Hapo mkono unakwambia mengi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 700 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 350, yaani karibu mara sita kwa sekunde. Silinda moja ikifa, moshi hautoki kwa mfululizo. Utasikia pumzi, pumzi, pumzi, pengo. Na pengo hilo linarudi kwa mpigo uleule. Hiyo ndiyo kumisi. Moshi ukitoka laini bila mapengo huku kiti kinatetemeka, basi injini inachoma vizuri ila mtikisiko wake wa kawaida unapenya hadi kwako.

Hatua ya 2: Pima kwa mashine

Hata kile kipimo kidogo cha kuchomeka na kusoma kwenye simu kinatosha. P0301 hadi P0304 ni kumisi, na tarakimu ya mwisho ndiyo silinda. Namba moja iko upande wa mikanda. P0300 ni kumisi kusikokaa silinda moja, na P0171 ina maana hewa ni nyingi mno kwa petroli iliyopo. Taa ya injini ikiwa inapepesa, usiendelee kuendesha: petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega ya kusafishia moshi kwenye ekzosi, na hapo gharama ni nyingine kabisa.

Huna mashine? Zima injini, chomoa soketi ya koili moja, washa kwa sekunde chache usikilize, zima, rudisha. Fanya hivyo kwa zote nne. Koili ambayo ukiichomoa mtetemo unazidi, silinda yake ilikuwa inafanya kazi. Ambayo ukiichomoa hakibadiliki kitu, umeipata.

Hatua ya 3: Hamisha, usinunue

Hapa ndipo pesa ya watu inapookolewa. Gari la yule mama lilisoma P0303. Nikafungua bolti kwa spana namba 10, nikavuta koili ya tatu taratibu. Mpira wake ulikuwa na utando mweupe, na ubavuni mstari mweusi mwembamba kama uzi, alama ya umeme kutorokea pembeni. Nikamulika tochi kwenye kisima cha plagi: chini kuna maji yenye rangi ya kutu. Nilipomuuliza, akasema injini ilioshwa kwa mashine ya presha.

Ukikuta maji, puliza kwa kompresa mpaka pakauke *kabla* ya kufungua plagi, la sivyo yanaingia kwenye silinda. Ukikuta oili, sili za tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) zimechoka. Zibadilishe, maana koili mpya nayo itaharibika mle mle.

Nikakausha, nikapeleka koili ya tatu kwenye silinda ya pili, na ya pili kwenye ya tatu. Nikafuta namba ya hitilafu, nikawasha. Ikaja P0302. Kosa limeifuata koili, basi koili ndiyo mbovu. Moja, si nne. Ukienda Gerezani, Kariakoo, nenda na ya zamani mkononi ulinganishe namba iliyochapwa na pini za soketi.

Kosa lisipohama, hamisha plagi kwa njia hiyohiyo. Ifungue injini ikiwa imepoa na uanze kuikaza kwa vidole, kwa kuwa kichwa cha injini ni aluminiamu na nyuzi zake huliwa upesi. Plagi nayo ikiwa salama, geukia nozo. Mwisho pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), uone kama silinda hiyo iko chini mno kuliko wenzake.

Silinda zote zikiwa nzima

Sailensi ikipanda na kushuka, tafuta hewa inayoingia kwa wizi: sikiliza mluzi kwenye mipira ya vakyumu, ipinde uone nyufa. Safisha throtoli bodi (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini), na ukikaa kwenye barabara za vumbi, kagua ea klina mara kwa mara. Dawa ya kusafishia inawaka moto, usipulizie karibu na ekzosi yenye joto.

Kwa mauntini, funga handbreki, mwenzako akanyage breki na kubadili D na R huku wewe umesimama ubavuni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikiruka, au mauntini ya upande wa mikanda ikiwa imevuja majimaji meusi, badilisha.

Ukimaliza, futa namba za hitilafu na uendeshe kwenye foleni halisi huku AC imewashwa, kisha pima tena. Yule mama nilimtuma Mbezi na kurudi. Mashine haikusoma kitu, na kioo cha pembeni kilikuwa kimetulia.