Jinsi ya kuingia kamati za utafiti za IPSA

Kama unasoma siasa ngazi ya masta au PhD na unaona uko peke yako na mada yako, ingia IPSA, ile jumuiya ya kimataifa ya wanasayansi ya siasa iliyoanzishwa 1949 chini ya mwavuli wa UNESCO. Kongamano kubwa linafanyika kila miaka miwili, lakini utamu wenyewe uko kwenye kamati za utafiti, yaani vikundi vya watafiti wa mada moja, kila moja ina namba yake, mfano RC01 ni ya dhana na mbinu za utafiti, RC08 ya mabunge, RC19 ya jinsia na siasa.

Kwanza jiunge uanachama onlaini, wanafunzi wana bei yao nafuu. Afu chagua kamati, na hapa ndo watu wanaharibu, wanajiunga nyingi kibao halafu hawaonekani popote. Chukua moja, mbili zikizidi sana. Angalia kwanza paneli (vikao vya kuwasilisha pepa) walizoandaa kongamano lililopita, manake jina la kamati linaweza kuwa tamu na mada zako wala hawazigusi.

Ukishaingia muandikie mwenyekiti imeili fupi, unatafiti nini, data yako ni ya wapi, basi, usimtumie tasnifu nzima jamani. Wakitangaza wito wa mada tuma abstrakti, yaani muhtasari wa pepa yako, mapema. Ukikosa nafasi ya kuwasilisha, omba kuwa mchangiaji wa paneli (discussant), yule anayetoa maoni juu ya pepa zilizowasilishwa, wengi wanaikimbia hiyo kazi sababu inabidi usome pepa za wenzako zote.