Kaa Mguuni pa Jiwe Kwanza: Ninavyobuni Bustani Hapa Mwanza

Mteja akinipigia simu, "Mama, njoo unipangie bustani," kinachofuata huwa ni kuniuliza apande maua gani. Namwomba anivumilie kidogo. Kwanza naenda kwake mara tatu: alfajiri, saa nane mchana jua likiwa kali, na siku yoyote mvua inaponyesha. Nabeba daftari, penseli, jembe la mkono na debe la kukalia. Mche sibebi hata mmoja.

Nina kitalu Luchelele, na kazi hii nimeifanya miaka 14. Bustani zangu zilizokufa, karibu zote nilizibuni kwa kutazama picha kwenye simu. Zilizosimama hadi leo nilizitoa mlimani. Kwa hiyo nakueleza namna ninavyoutazama mlima, na wewe ufanye hivyo kwako.

Pa kuanzia

Mwanza huhitaji kusafiri kutafuta pori. Bwiru, Isamilo, Igogo, kote kuna mawe, na katikati ya mawe kuna mimea ambayo hakuna mtu aliyeipanda wala anayeimwagilia. Chagua sehemu ambayo haijajengwa. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, na usipande juu kutazama ziwa, japo ni pazuri. Kaa chini, pale jiwe linapoingia ardhini.

Utaona kwamba majani ya hapo ni mabichi kuliko ya hatua tano mbele, hata mwezi wa nane. Sababu yake ni maji. Chukua jiwe lenye uso wa mita 3 kwa 4. Mvua ya milimita 10 ikilipiga, zinateremka karibu lita 120, yaani ndoo kubwa sita, na zote zinaishia kwenye ukanda mwembamba mguuni. Bega la jiwe, kwa upande wake, linabaki kavu na linaungua mchana kutwa, kisha usiku linatoa joto taratibu. Ukiliona hilo umeshapata nusu ya mchoro wako: mmea wenye kiu uende mguuni, na wa kustahimili ukame uende begani na kwenye nyufa.

Nakumbuka ufa mmoja kule Bwiru, upana wake haukuzidi kiganja. Niliukalia karibu saa nzima. Chini kabisa kulikuwa na majani ya mkuyu yaliyooza, yamechanganyika na chembe za mawe meupe na mavi ya pimbi, udongo mweusi unaonukia kama mvua. Mzizi wa mkuyu ulikuwa umepita humo umejibana, bapa kama utepe. Pale udongo ulipokuwa na kina, mshubiri mkubwa ulisimama peke yake. Kadiri kina kilivyopungua mishubiri ilikuwa midogo zaidi, saba au minane imesongamana, halafu pakawa na nafasi tupu, halafu mmoja tu mbali kule, kama mtoto aliyechelewa kutoka shule. Juu ya jiwe mjusi dume, kichwa na mabega mekundu, mwili wa buluu, alikuwa akiinua kifua na kukishusha.

Niliuchora ufa ule kama ulivyo. Mchoro huo ndio uliozaa bustani ya nyumba moja Nyegezi ambayo watu hadi leo husimama getini kuitazama. Sikubuni mpangilio wowote mpya: mkubwa mmoja penye kina, wadogo wakiufuata, nafasi, na mmoja aliyejitenga. Rangi nazo nilimwachia mjusi. Kijivu cha mawe kipo tayari, nikaongeza wekundu wa maua ya mshubiri na buluu ya maua ya kichaka kiitwacho plumbago, basi. Wenzangu wengi huweka rangi saba kwenye mita nne, na jicho linakosa pa kupumzika.

Jiwe lililoko kwenye kiwanja chako usilivunje. Mteja mmoja aliona mwamba wake unamharibia nafasi ya nyasi. Akawaita vijana, wakauwashia moto hadi ukapasuka, kisha wakaugonga kuwa kokoto. Alipata uwanja tambarare kweli, tukapanda nyasi. Mvua za mwezi wa nne zilipokuja hapakuwa na kitu cha kuzuia mteremko. Nyasi, samadi na tifutifu yote niliyoinunua kwa fedha yake vilishuka mtaroni kwa usiku mmoja. Niliumia, kwa sababu nilikuwepo siku ile moto unawashwa na sikusema kwa nguvu ya kutosha. Siku hizi nasema.

Udongo

Bibi yangu alitoka kisiwa cha Ukara. Kule ardhi ni mchanga mwepesi wa mawe na watu ni wengi, kwa hiyo udongo unalishwa kama ng'ombe anavyolishwa. Wazee wake walifuga ng'ombe ndani ili samadi isipotee, na walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya uwele, kisha wakayafukia marejea hayo yawe mbolea. Alipokuja kunitembelea mjini hakuuliza habari za maua. Alichota udongo, akautemea mate, akausokota.

Mtihani wake ndio ninaoutumia. Chukua udongo wa kujaa kiganja, ulowanishe, usokote kama unasokota tambi nene. Ukikatika kabla haujafika urefu wa kidole, ni mchanga. Ukisokoteka na ukakubali kukunjwa duara bila kupasuka, ni mfinyanzi. Ukisokoteka lakini ukapasuka unapoukunja, shukuru, huo ni wa kati na utakupa kazi ndogo. Fanya hivyo sehemu nne tofauti za kiwanja, maana hapa kwetu udongo hubadilika ndani ya hatua ishirini.

Wasukuma wana majina ya mabadiliko hayo. Juu karibu na mawe ni luseni, mchanga mwepesi. Ukishuka unakuta itogolo, ardhi ngumu inayogoma kunywa maji. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, enzi za Tanganyika, aliupa mpangilio huu wa udongo wa mlimani hadi bondeni jina la kitaalamu, *catena*, yaani mnyororo, mwaka 1935. Mimi naupenda mnyororo huo kwa sababu unaniambia nisilazimishe. Kwenye luseni napanda mishubiri, mkonge-pori na mikwaju, naongeza mboji kila msimu. Kwenye itogolo nachimba shimo pana kuliko refu, nalipasua kwa sururu chini, najaza majani makavu na samadi, kisha naliacha msimu mmoja kabla ya kupanda chochote. Mbuga naitumia palepale ilipo, na wakati mwingine nachota ndoo mbili tatu nikachanganye na mchanga wa juu. Udongo wa ndugu wawili wa mlima mmoja hukubaliana vizuri kuliko ule unaoletwa na lori kutoka usikokujua.

Mboji yangu ni maganda ya jikoni, majani makavu, samadi ya mbuzi na magugu maji. Haya ya mwisho yanatusumbua ziwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na yakitupwa ufukweni yanaoza bure. Yakatwe kabla hayajatoa maua, yakaushwe juani mbali na maji kwa wiki mbili, ndipo yaingie kwenye lundo. Usishangae: toroli iliyojaa hukauka ikabaki karai. Onyo moja la dhati: magugu maji hunyonya madini mazito yaliyomo kwenye maji machafu. Yale ya karibu na mji nayaweka kwenye maua pekee, mchicha wangu siupi.

Ukingo wa ziwa

Hapa nitapita haraka. Nenda ukatazame mafunjo na matete asubuhi yenye upepo: shina jembamba, kichwa kizito, yote yanainama na kunyanyuka pamoja. Ukitaka mwendo huo nyumbani, kata pipa nusu, weka udongo wa mbuga chini, maji juu, na kipande cha mzizi wa mafunjo. Weka na samaki wadogo wawili watatu ili wale viluwiluwi vya mbu. Ufukwe wenyewe uache. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo, na hata kama isingekataza, mafunjo yale ndiyo yanayozuia tope lisiingie ziwani.

Kuchukua bila kuliibia pori

Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Nenda kwa macho na daftari, usichukue hata mbegu. Kwingine omba ruhusa ya mwenye eneo, halafu using'oe mmea mzima. Mshubiri huzaa vichipukizi pembeni, chukua kimoja penye vitano. Mkonge-pori, ule wa majani yaliyosimama kama mikuki, unakupa zaidi: kata jani moja, ligawe vipande vya sentimita 10, weka alama upande wa chini wa kila kipande kwa sababu ukikigeuza hakitatoa mizizi. Viache kivulini siku tatu kidonda kikauke, kisha uvisimike kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Vitakaa wiki nyingi kama vimekufa. Usivichimbue kuchungulia.

Kupanda

Mchoro na udongo viwe tayari mwezi wa tisa. Mvua za vuli zikianza kushika mwezi wa kumi, subiri inyeshe mara mbili ya kulowesha udongo hadi kina cha mkono kufikia kiwiko, ndipo upande, jioni. Kwenye nyufa usipakie udongo hadi juu. Acha vidole viwili, weka kokoto ndogo juu yake ili mvua isichimbe. Mguuni pa jiwe tandaza nyasi kavu, ila ziache shina la mche lipumue.

Pimbi watakuja, hasa kama umepanda mboga karibu na mawe. Mimi nafunika miche kwa matawi ya miiba, naibana na mawe madogo pande nne. Mche ukishatoa majani matatu mapya, naondoa miiba ile na kuihamishia kwenye mche unaofuata.