Mabano ya chokaa
Vijana wa skuli, chokaa iliyozimwa kwa maji, ile ya kuta za Mji Mkongwe, huandikwa Ca(OH)₂. Kabla hujajumlisha uzito wa atomi zake, zungushia mabano kwa penseli: ile 2 ya nje inazidisha O na H, si H peke yake. Kalsiamu 40, oksijeni 16 mara 2 ni 32, haidrojeni 1 mara 2 ni 2. Jumla gramu 74 kwa moli. Wengi huzidisha H tu na kuandika 58, na inaniuma, maana kujumlisha wanajua.

Herufi ndogo nayo haianzishi elementi mpya. Co ni kobalti, metali. CO ni kaboni na oksijeni, ile gesi ya sumu ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani.