Somo: Treni ya mtumba imegoma? Anzia kwenye soketi, bisibisi iwe ya mwisho

Wanachama wa Mtwara na Lindi, salaam. Tangu watu waanze kuokota treni ndogo za umeme kwenye marobota ya vitu vya watoto, swali ni lile lile: "Fundi, nimeiweka kwenye reli, nimezungusha kitufe, kimya." Kabla hujamjibu, mtu ameshafungua kichwa cha treni, skrubu mbili hazionekani na waya umekatika. Sasa ana matatizo mawili. Fuateni umeme unakotoka mpaka unakofika.

Andaa mita ya kupimia umeme, betri ya volti 9 ya pembe nne, vijiti vya masikio, kitambaa kisichotoa nyuzi, mafuta ya cherehani na ile spiriti ya aizopropili wanayosafishia mafundi simu. Tina ya rangi waachieni mafundi magari, inayeyusha plastiki.

Hatua ya 1: Transfoma
Soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Iliyotoka Marekani imeandikiwa volti 120, na umeme wetu ni 230. Ukiichomeka hivyo hivyo, utasikia harufu na ndiyo imekwenda. Za Uingereza na Ujerumani hazina shida hiyo.

Upande wa kutokea, treni nyingi za reli mbili zinataka DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) ya hadi volti 12 hivi. Weka mita kwenye DC 20, gusisha nyaya zake kwenye matokeo, zungusha kitufe polepole. Namba ipande kutoka sifuri. Geuza swichi ya kurudi nyuma, alama ya kutoa itokee mbele ya namba. Kama hakuna kitu, mgonjwa ni transfoma, treni usiiguse. Wala usiifungue hiyo transfoma. Ndani mna umeme wa ukutani.

Hatua ya 2: Reli
Ondoa kila kitu juu ya reli, kisha pima kipande baada ya kipande. Umeme ukifika cha tatu na cha nne hauna, kibati kinachounga vipande hivyo kimelegea. Kibane kidogo kwa koleo.

Halafu safisha, na huku pwani usafi huu ndio nusu ya kazi. Nyumba ya Shangani au Mikindani yenye madirisha yanayotazama bahari, chumvi inakaa juu ya chuma hata kama huioni. Futa kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitoke cheupe. Msasa usitumie, unaacha mikwaruzo inayokamata uchafu upya. Steliwuli ndiyo mbaya zaidi: vinyuzi vyake vinavutwa na sumaku ya mota, vinaingia ndani na kupiga shoti.

Hatua ya 3: Magurudumu
Laza kichwa cha treni chali juu ya taulo. Tazama uso wa gurudumu unaokanyaga reli: mara nyingi utaona mkanda mweusi, ukiukwaruza kwa ukucha unabanduka kama masizi ya sufuria. Huo ni vumbi na mafuta ya miaka, na umeme haupiti hapo. Sugua kwa kijiti cha masikio chenye spiriti, gurudumu moja moja.

Nyuma ya magurudumu kuna vibati vyembamba vinavyochukua umeme. Kikipinda kidogo tu kisiguse gurudumu, treni nzima inaonekana imekufa. Kirudishe taratibu kiguse bila kukandamiza. Kisha ncha moja ya betri iguse gurudumu la kulia, nyingine la kushoto. Yakizunguka, kichwa ni kizima; yasipozunguka, nenda hatua ya 4. Vichwa vingine vya mvuke vinachukua upande mmoja kwenye injini na wa pili kwenye behewa la makaa, kwa hiyo viunganishe kwanza ndipo upime.

Hatua ya 4: Mota
Sasa chukua bisibisi. Betri moja kwa moja kwenye mota. Ikizunguka, tatizo ni waya au vibati. Isipozunguka, angalia kaboni (vile vipande vidogo vyeusi vinavyoingiza umeme kwenye mota) kama zimeisha au zimekwama, na usafishe shaba zinapogusa. Mianya kati ya shaba ipitishie kijiti cha meno. Sumaku usiichomoe, za mota za zamani zikitolewa hupungua nguvu. Ikinguruma bila kuzunguka, grisi imekauka kwenye giya. Isafishe yote, weka tone moja la mafuta kwa ncha ya sindano. Wengi wanamimina, kisha wanarudi na treni inayoteleza.

MASWALI YA WANACHAMA

Lindi mjini: Shikamoo fundi. Yangu ni ya kampuni ya Märklin. Nikiiweka tu kwenye reli, transfoma inajizima.
Jibu: Marahaba. Igeuze. Kama tumboni ina bati refu la kuteleza, ni ya mfumo wa AC (umeme unaogeuka upande, kama wa ukutani) unaochukua umeme katikati ya reli. Magurudumu yake ya pande mbili yameungana, ndiyo maana inapiga shoti. Huenda ni nzima kabisa; inataka reli na transfoma zake.

Masasi: Inatembea, ila kila mzunguko inaruka, tak, tak.
Jibu: Mara nyingi ni giya ya plastiki iliyopasuka kwenye ekseli. Supaglu haikamati plastiki ile, usihangaike. Tafuta kichwa kibovu cha aina hiyo hiyo uvue giya.

Newala: Kaka, yangu haisogei mpaka kitufe kipite nusu, halafu inaondoka ghafla.
Jibu: Inawezekana ndani kuna dekoda, yaani kibodi kidogo cha kuendeshea treni kwa mfumo wa kidijitali. Kwenye umeme wa DC, dekoda nyingi huwa hivyo. Si ugonjwa.

Nachingwea: Mwanangu anataka kuunda ile reli ya karanga ya Mtwara hadi kwetu. Hizi reli zinafaa?
Jibu: Kwa macho tu, ndiyo. Kwa vipimo, hapana. Reli za HO, saizi ya treni ndogo iliyozoeleka zaidi, zina upana wa milimita 16.5, na kipimo chake ni 1 kwa 87, hivyo zinalingana na upana wa milimita 1435 kama SGR yetu. Reli ya karanga ilikuwa ya mita moja. Kwa kipimo hicho hicho atafute reli za milimita 12. Ni adimu kwenye marobota, na bei yake iulize ukiwa umekaa.