Somo: Kuvuka ziwa lililoganda usilolijua kwa pikipiki ya theluji

Somo hili ni la mtu anayeimudu pikipiki ya theluji (chombo cha injini chenye skii mbele na mkanda mpana wa mpira unaozunguka chini yake) nchi kavu, na sasa amesimama kando ya ziwa jeupe ambalo hajawahi kulikanyaga. Shika hili kabla ya mengine yote: unene wa barafu ulioupima kwenye tundu moja ni wa tundu hilo tu. Ziwa lilelile, siku ileile, linaweza kuwa na sentimita 40 katikati ya ghuba na sentimita 5 mita mia moja mbele, na theluji ikafunika pote sawasawa kama shuka.

Mambo yote yanaanzia chini. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo majira ya baridi maji ya kina hubaki na joto zaidi kidogo kuliko yale yanayogusa barafu, ambayo yako kwenye sifuri. Ziwa likitulia, barafu hukua kwa amani. Mkondo au chemchemi ikiyapandisha yale ya chini, yanaila barafu kwa ndani, nawe uliye juu huoni kitu. Basi unapolitazama ziwa geni jiulize: hapa maji yametulia, au yanatembea?

Hatua ya 1: Ramani kabla ya ufunguo

Chukua ramani inayoonyesha mito na kina, uweke alama kila mahali maji yanapolazimika kwenda mbio: mto unapoingia, mto unapotoka, mlango mwembamba kati ya sehemu mbili za ziwa, upenyo kati ya kisiwa na nchi kavu, chini ya daraja. Mto unapotoka huwadanganya wengi, kwa sababu mkondo huanza kuvuta mbali kabla ya ufuo kuonekana umebadilika. Ongeza matete na mimea inayotokeza juu, miamba iliyo karibu na uso wa maji (inakusanya joto la jua), na magati. Wenye mashua huweka mashine za mapovu chini ya gati ili barafu isivunje nguzo, na mapovu hayo huacha maji wazi au ngozi nyembamba tu.

Bwawa la umeme lichukulie kama kitu kingine kabisa. Maji yakifunguliwa, kina kinashuka na barafu inabaki inaning'inia karibu na ufuo, chini yake hewa tupu. Barafu hubeba mzigo kwa sababu inaelea, na isipokuwa na maji ya kuibeba huvunjika kwa uzito mdogo kuliko unavyodhani.

Halafu waulize wanaovua samaki kwenye barafu ya hapo. Kama kuna njia iliyowekewa vigingi, ifuate. Alama za mkanda wa mwenzako si ushahidi: huenda zilipigwa juzi, baridi ilipokuwa kali, na chombo chepesi kuliko chako.

Hatua ya 2: Hali ya hewa ya wiki zilizopita

Joto la leo asubuhi halitoshi. Unachotaka kujua ni theluji ilianguka lini. Ikianguka nyingi mapema, barafu ikiwa bado changa, huwa blanketi: baridi haipenyi na barafu inaacha kunenepa. Pia inakuwa mzigo. Barafu inabonyea, maji yanapanda kupitia nyufa, yanachanganyika na theluji na kuwa rojo. Hewa ikikaa juu ya sifuri zaidi ya saa 24, vipimo vya zamani vitupe, anza upya.

Hatua ya 3: Vifaa, na vikae wapi

Kifaa ulichokifunga kwenye kiti kinazama na kiti. Vya kujiokoa vikae mwilini.

- Jaketi la kuelea, au suti nzima ya kuelea.
- Misumari ya kujiokolea. Chukua vipande viwili vya mti vyenye urefu wa sentimita 12, unene wa kushikika kwa ngumi. Kila kimoja kipigiliwe msumari mnene, ukatwe kichwa na kunolewa, ncha itokeze sentimita moja hivi. Kando ya msumari toboa tundu, ili ncha ya kipande kimoja ilale ndani ya kingine na isikuchome kifua. Viunganishe kwa kamba, uvae shingoni juu ya jaketi. Ukiviweka mfukoni chini ya zipu, vidole vilivyokufa ganzi havitavifikia.
- Kamba inayoelea ya mita 20, kwa kila mmoja kwenye msafara.
- Mtaimbo wenye ncha kama patasi, keekee ya barafu, na fimbo ya kupimia yenye ndoano mwishoni.
- Simu au kifaa cha setilaiti kwenye mfuko usioingiza maji, ndani ya suti.
- Nguo kavu na viberiti, navyo vifungwe visilowe. Hivi ndivyo pekee vinavyoweza kukaa kwenye pikipiki, vikiwa vimegawanywa kati ya vyombo viwili.

Hatua ya 4: Kupima kwa miguu

Pikipiki ibaki ufuoni. Tembea ukipiga mtaimbo mbele yako kila hatua mbili. Ukipenya kwa pigo moja au mawili, rudi kwenye nyayo zako zilezile. Tundu la kwanza litoboe mita chache tu kutoka ufuoni, yanayofuata kila mita 50, na ukikaribia zile alama za ramani kila mita 10.

Ndoano ya fimbo ishike ukingo wa chini wa barafu, ndipo usome. Usihesabu theluji. Angalia rangi pia. Barafu inayoangaza, nyeusi au ya samawati, ndiyo yenye nguvu. Nyeupe kama maziwa imetokana na theluji iliyolowa na kuganda, ina vipovu vya hewa, ihesabu nusu. Mfano: sentimita 8 za barafu angavu na 10 za nyeupe juu yake, soma 8 na 5, yaani 13. Ukikuta tabaka mbili zenye maji katikati, hesabu ile ya juu tu. Ya kijivu ina maji ndani yake, achana nayo.

Hesabu ya haraka: zidisha unene kwa wenyewe, kisha mara 4, upate kilo. Sentimita 10 ni kilo 400, sentimita 15 ni kilo 900. Unene ukipungua nusu, nguvu inabaki robo, ndiyo maana kosa la sentimita tatu si dogo. Pikipiki ya kilo 280, mwendeshaji na nguo zake 95 na mizigo 25 vinafika 400, kwa hiyo kwenye karatasi sentimita 10 zinatosha. Usizikubali. Hesabu hiyo ni ya barafu nzima, angavu, isiyo na ufa, nawe hujui kama ndiyo uliyonayo. Miongozo mingi inataka sentimita 12 hadi 18 kwa pikipiki ya theluji. Kwa ziwa geni sisi tunasema 15 ndiyo chini kabisa, na 20 kama msafara una vyombo zaidi ya viwili.

Tuseme ukweli: hakuna anayetoboa matundu kila mita 50 kwenye ziwa la kilomita sita. Kwa hiyo kama hakuna njia ya vigingi na hakuna mwenyeji wa kuuliza, zunguka. Petroli ya kuzunguka ni rahisi kuliko kuchagua ni sehemu ipi ya ziwa utaibahatisha.

Hatua ya 5: Kuvuka

Kamba ya swichi ya kuzima injini ifungwe mwilini. Vukeni mmoja mmoja sehemu zenye shaka, na kwingine mwachiane angalau mita 50. Mkisimama kupiga soga, msijikusanye: pikipiki nne mahali pamoja ni zaidi ya tani moja na nusu.

Mwendo wa usiku ndio unaoua bila watu kujua kwa nini. Taa za kawaida hukuonyesha mita 60 hivi. Ukienda kilomita 80 kwa saa unakata mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka inakula mita 33 kabla hujagusa breki, na kwenye barafu tupu mita 27 zilizobaki hazitoshi hata kidogo. Tatizo linaweza lisiwe barafu nyembamba. Linaweza kuwa maji wazi yanayoonekana kama lami nyeusi, au tuta la barafu lenye kimo cha kiuno.

Matuta hayo hutokea barafu inapotanuka na vipande viwili kusukumana. Upande mmoja mara nyingi umebonyea na una maji juu. Usiruke. Shuka, tafuta kwa miguu pale lilipo chini, pima pande zote mbili, kisha lipite taratibu.

Kwenye barafu isiyo na theluji kuna shida ambayo wageni hawaitarajii: chombo kinachemka. Pikipiki nyingi hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda chini ya kiti, na hiyohiyo ndiyo inayolainisha plastiki za reli (vyuma virefu vinavyoukandamiza mkanda kwa ndani). Pasipo theluji, maji ya injini yanapanda joto na plastiki zinayeyuka hadi mkanda unakwama, nawe uko katikati ya ziwa. Funga vikwaruzo vya barafu kwenye reli, virushe vumbi la barafu, na kila baada ya kilomita chache pitia penye theluji.

Hatua ya 6: Ukizama

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliiweka kwa tarakimu tatu: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kutuliza pumzi, maana baridi itakufanya uheme kwa nguvu na ukivuta maji umekwisha. Dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Wengi hufa kwa kudhani wana dakika chache tu, wakatapatapa.

Achia pikipiki. Geukia ulikotoka, barafu ya huko ilikubeba. Weka mikono juu ya ukingo, piga miguu hadi mwili ulale kama unaogelea, choma misumari, vuta, piga miguu tena. Ukingo ukivunjika, endelea kuuvunja mpaka ufike imara. Ukitoka usisimame. Bingirika mita kadhaa, kisha tambaa kwa njia uliyojia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Barafu ikilia kama bunduki chini yangu, ndiyo inavunjika?

Jibu: Mara nyingi hapana, ndugu. Joto likibadilika barafu hutanuka au kusinyaa na kupasuka kwa kishindo, na hata iliyo nene hulia sana. Usichukue sauti kama kipimo, wala ukimya kama kibali. La kukimbia ni ufa unaoleta maji juu, au barafu inayobonyea ukiitazama.

Swali: Wakuu, kuna wanaokaza mwendo wakapita juu ya maji wazi. Si nafuu kuliko kusimama?

Jibu: Chombo hukaa juu kwa sababu mkanda unasukuma maji kwa kasi. Ukiachia mafuta kidogo, au injini ikikohoa, kinazama kwa pua. Na ukifika ng'ambo unagonga ukingo wa barafu, ambao ndio mwembamba kuliko wote. Ukiwa na nafasi ya kusimama, simama.

Swali: Nikiingia kwenye rojo, nikanyage mafuta au nisimame?

Jibu: Shika mwendo uleule, usikate kona, elekea penye theluji ngumu. Wa nyuma wasipite kwenye mfereji wako. Ukikwama, kanyaga theluji iliyo mbele iwe ngumu, inua nyuma ya chombo, kichomoe pembeni. Kabla ya kupumzika komba rojo yote kwenye mkanda na reli. Ukiiacha nusu saa kwenye baridi kali, itaganda na mkanda hautazunguka hata injini ikiwaka vizuri.

Swali: Dada hapa. Mwenzangu amezama, mimi niko mita 30 nyuma. Naanza na nini?

Jibu: Dada, usimkimbilie. Simama, piga simu ya dharura, mwambie kwa sauti atulize pumzi na ageukie ulipo. Sogea kwa kutambaa, umrushie kamba kabla hujafika ukingoni, na iwe na kitanzi cha kupitisha chini ya kwapa, kwa sababu vidole vyake havitaifunga. Akitoka, mlaze, mbebe polepole, mvue nguo zilizolowa ukiwa na za kumbadilisha, mpashe joto kifuani na kwapani. Usimsugue mikono wala kumpa pombe.

Swali: Majira ya kuchipua nimepima nikapata sentimita 50. Kwa hesabu yako hiyo inabeba tani kumi. Mbona wanakataza?

Jibu: Kwa sababu hesabu hiyo haihusu barafu iliyooza. Jua likiipiga kwa wiki kadhaa, inaachana na kuwa vijiti vilivyosimama wima kama mishumaa kwenye pakiti, na kati yao maji. Fimbo itasoma 50, lakini hakuna kinachoshikanisha kijiti na kijiti. Piga mtaimbo: ukisikia mlio mzito wa kitu kilicholowa, na vipande vikatoka virefurefu, rudisha chombo ufuoni.