Kampuni mpya Tanzania Bara: TIN, makadirio, kodi ya zuio na tarehe za kila mwezi

Cheti cha usajili kikishatoka BRELA (wakala wa usajili wa makampuni), wengi hudhani kodi itasubiri mpaka mauzo yaanze. Haisubiri. TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni ikishatolewa, TRA (Mamlaka ya Mapato) inategemea ritani, yaani taarifa ya kodi, kwa tarehe zake, na ritani ya sifuri nayo ni ritani. Kinachoumiza kampuni changa mara nyingi si kodi yenyewe bali adhabu za ritani ambazo hazikupelekwa, na adhabu hizo huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi.

Hatua ya 1: TIN na makadirio

Andaa cheti cha usajili, katiba ya kampuni, TIN na namba za NIDA za wakurugenzi, na mkataba wa pango. TIN ni bure. Anayekudai hela ya TIN anakuuzia haki yako. Hakikisha anwani ya kwenye mkataba inafanana na ile uliyojaza BRELA, maana zikitofautiana utarudishwa.

Kisha yanakuja makadirio ya kodi ya mwaka. Kodi ya makampuni ni 30% ya faida, si ya mauzo. Kwa mwaka wa kalenda, awamu nne za kuilipa huisha 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ukianza Agosti na unategemea faida ya shilingi 20,000,000, kodi ni 6,000,000, na zimebaki awamu mbili: 3,000,000 Septemba, 3,000,000 Desemba. Usikubali kutaja namba ya kubahatisha ukiwa kaunta. Nenda na karatasi yenye mauzo unayotegemea, pango, mishahara na gharama nyingine. Ukikadiria juu sana, unafunga mtaji. Ukikadiria chini ya 80% ya kodi halisi, unatozwa riba. Biashara ikibadilika katikati ya mwaka, rekebisha makadirio kabla mwaka haujaisha, sheria inaruhusu.

Hatua ya 2: Pango, mtego wa kwanza

Kampuni inayopanga ofisi inatakiwa kukata kodi ya zuio (kodi ambayo mlipaji anaikata kabla ya kumlipa mwenzake) ya 10% kwenye pango na kuipeleka TRA. Chukulia pango ni 1,000,000 kwa mwezi na unalipa miezi sita. Kati ya 6,000,000, mwenye nyumba anapata 5,400,000, na 600,000 inakwenda TRA kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Mpe cheti cha zuio ili akitumie kwenye hesabu zake.

Tatizo huanzia kwenye mkataba. Mwenye nyumba akisema "mimi nataka milioni sita kamili mkononi" na wewe ukasaini, kodi ya zuio imekuwa mzigo wako: pango linahesabiwa 6,666,667, na kodi ni 666,667. Andikeni mapema kwamba kiasi kilichotajwa ni kabla ya zuio. Usisahau ushuru wa stempu, 1% ya pango la mwaka, yaani 120,000 kwa mfano huu.

Hatua ya 3: Leseni

Chukua cheti cha uthibitisho wa kodi kutoka TRA, kisha omba leseni ya biashara halmashauri au BRELA, kulingana na aina ya biashara. Chakula na vipodozi vinakupeleka TBS (shirika la viwango), dawa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Sajili sehemu ya kazi OSHA (wakala wa usalama na afya kazini). Halmashauri pia inadai ushuru wa huduma unaohesabiwa kwenye mauzo, bila VAT (kodi ya ongezeko la thamani).

Hatua ya 4: EFD na VAT

Toa risiti ya EFD (mashine ya risiti ya kielektroniki) kwa kila mauzo. VAT ni lazima mauzo yakifika milioni 200 kwa miezi 12, na ritani yake inapelekwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Unaponunua, hakikisha risiti ina jina na TIN ya kampuni. Risiti isiyo na taarifa za mnunuzi ndiyo inayokataliwa unapodai VAT ya manunuzi.

Hatua ya 5: Mishahara

Mfanyakazi wa 600,000: NSSF (hifadhi ya jamii) yake 10% ni 60,000, inatolewa kwanza. PAYE (kodi ya mshahara) inahesabiwa kwenye 540,000 na inakuwa 24,000. Anabaki na 516,000. Ukikosea na kukokotoa PAYE kwenye 600,000 utapata 36,000, yaani umemkata 12,000 zaidi kila mwezi. Kampuni inaongeza NSSF 60,000 na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) 0.5%, yaani 3,000, kwa hiyo gharama halisi ni 663,000. SDL (tozo ya ufundi stadi) ya 3.5% huanza mkiwa na wafanyakazi 10. PAYE na SDL ni tarehe 7.

Mara moja kwa mwaka

Ritani ya mwisho ya kodi ya mapato, yenye hesabu zilizothibitishwa na CPA (mhasibu aliyesajiliwa), hupelekwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. BRELA nao wanahitaji taarifa ya mwaka ndani ya siku 28 tangu siku kampuni inapotimiza mwaka. Ada ni 22,000. Tunza risiti, mikataba na taarifa za benki kwa miaka mitano.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, somo zuri. Kampuni yetu haijauza chochote mwaka mzima. Bado tunapeleka?*
Ndiyo. Makadirio ya sifuri, ritani ya mwisho ya sifuri, na taarifa ya mwaka BRELA.

*Sisi ni ofisi ya uhasibu, mauzo hayajafika hata milioni 60. VAT inatuhusu?*
Inawahusu. Watoa huduma za kitaalamu husajiliwa bila kujali kiwango cha mauzo.

*Mteja ametukata 5% kwenye ankara ya milioni 4. Hiyo 200,000 imepotea?*
Haijapotea ndugu. Ni kodi yenu iliyolipwa mapema, mtaipunguza kwenye kodi ya mwaka. Mdai cheti cha zuio sasa hivi; bila hicho hamna cha kuonyesha.

*Naweza kutoa hela benki kwa matumizi ya nyumbani? Kampuni ni yangu.*
Hela ni ya kampuni. Zipe jina: mshahara unaokatwa PAYE, gawio linalokatwa zuio la 10%, au mkopo wenye mkataba. Zisipokuwa na jina, mkaguzi ndiye atakayezipa, na hatachagua lenye kodi ndogo.

*TRA wametuletea kodi tusiyoikubali. Tuandike barua tu?*
Wasilisheni pingamizi rasmi ndani ya siku 30 tangu mpokee, lenye sababu na vielelezo. Mtatakiwa kulipa kwanza theluthi moja ya kodi hiyo, au sehemu msiyoipinga, yoyote iliyo kubwa. Kama hamna hela hiyo, ombeni mapema kwa maandishi kupunguziwa au kusamehewa malipo hayo.